Chuma Baridi Hula Kwanza

Ipo asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo hainitoki moyoni, mwanangu. Kila baridi ya Tukuyu inaponikuta, asubuhi hiyo hurudi yenyewe, kama ndugu asiyehitaji kupiga hodi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nimezunguka sana tangu hapo: nimeishi Tunduma, nikahamia Sumbawanga, nikaonja Songea, na hata sasa miguu huniwasha nikikaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Lakini mtu hazunguki akaiacha aibu yake nyuma. Mimi yangu nimetembea nayo, na kadiri siku zinavyokwenda imegeuka kuwa shukrani. Nataka nikugawie kidogo, usije ukalazimika kutafuta aibu ya kwako.

Kilichonikumbusha ni vijana niliowakuta juzi pale Tukuyu wameegesha pikapu zao, wamejikunyata ndani ya makoti. Mmoja alikuwa analalamika kwamba gari lake la dizeli, lililomfikisha vizuri kote mwezi wa kumi na moja, sasa linakunywa mafuta kama tangi limetoboka. Amekwisha kumshuku fundi, amekwisha kumshuku mlinzi, na sasa anataka kuliuza. Nilitaka kumjibu papo hapo, nikajizuia. Jambo hili halielezwi kwa neno moja.

Enzi zile mjomba wangu, ambaye alikuwa ananunua ndizi vijijini na kuzileta mjini, alipata pikapu ya dizeli kutoka kwa bwana mmoja wa Kyela. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, leseni yangu bado inanukia ofisi, akanipa niiendeshe. Ilikuwa gari nzuri, isipokuwa mshale wa kuonyesha mafuta ulikuwa umelala na hauamki. Kwa hiyo bwana yule alitupatia kijiti cha mwanzi, chembamba, kinachopinda. Unakitumbukiza kwenye mdomo wa tangi, unakitoa, unaangalia unyevu umefika wapi. Alikuwa amekichonga alama kwa kisu. Tulipokijaribu mwezi wa kumi na moja, tuliona alama moja inatosha kutoka Tukuyu mpaka Masukulu na kurudi, na ziada ndogo inabaki. Tukajaribu tena, ikawa vilevile. Basi nikakiamini kijiti kile kuliko nilivyomwamini mjomba.

Sikujiuliza kilichongwa wapi. Kilichongwa Kyela, mahali ambapo watu hulala madirisha wazi kwa joto. Sisi gari letu lilikuwa linalala Makandana, palepale Tukuyu, ambako mwezi wa sita na wa saba ukungu hukaa mlangoni mpaka saa nne, na maji ya bomba huuma vidole kama siafu.

Tena nilikuwa na tabia nyingine ambayo niliiona ni ustadi. Kila asubuhi niliwasha gari, nikaliacha linaunguruma palepale lilipolala, nikaenda kunywa chai na maandazi kwa mama mmoja jirani. Nusu saa ilipita hivyo, na siku za ukungu mzito hata zaidi. Nikiulizwa, nasema napasha injini. Ukweli, mwanangu, ni kwamba nilipenda majirani wajue dereva ameamka.

Kule Masukulu tulikuwa tunapakia ndizi kwenye uwanja mdogo kando ya barabara, karibu na nyumba ya Mzee Ambakisye. Huyu alikuwa mkulima wa ndizi kama wengine, lakini ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha chai, akichochea moto wa boila, lile tangi la chuma la kuchemshia maji yatoe mvuke. Watu walimwita Mzee Boila, naye aliitika. Alipenda kuja kukaa juu ya gogo na kutazama tunavyopakia. Siku moja, mwishoni mwa mwezi wa sita, akaniita.

"Dereva, hilo gari linakula sawa na lilivyokuwa linakula wakati wa jua?"

Nikamwambia linakula kwa kipimo, nikamwonyesha kijiti. Akakishika, akakigeuzageuza.

"Sisi kiwandani," alisema, "miezi hii boila lilikuwa linameza mzigo mzima wa kuni kabla halijatoa mvuke wa maana. Chuma baridi hula kwanza, kazi baadaye. Hapa ungehesabu alama moja zaidi, mpaka mwezi wa tisa."

"Mzee, boila ni boila," nikamjibu. "Hili linakula dizeli, halijui kuni."

Wapakiaji wakacheka. Mmoja akasema Mzee Boila akipewa usukani ataanza kutafuta mlango wa kutilia magogo. Mimi nikacheka kuliko wote. Mzee alinirudishia kijiti changu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha alichoazimwa.

"Sawa, dereva. Wewe ndiye unayelala nalo."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wangeongeza kwamba kumcheka anayeuliza ndio ujinga wenyewe, ningekuwa nimelisikia shuleni.

Sasa asubuhi yenyewe. Kulikuwa na manyunyu na ukungu wa kukatika kwa kisu. Nilipasha injini kwa muda mrefu kuliko siku zote, nikateremka Masukulu taa zikiwaka, magurudumu yakiteleza kwenye tope. Nilipofika uwanjani sikukuta ndizi wala wapakiaji. Nilimkuta Mzee Ambakisye amesimama katikati ya barabara bila kofia.

Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa kwanza, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu usiku. Mume wake alikuwa mbali, Chunya, kwenye machimbo. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempima akasema mtoto amelala vibaya tumboni, apelekwe hospitali Tukuyu, na asicheleweshwe. Gari lingine halikuwepo.

Mzee aliniuliza swali moja tu: nina mafuta? Nikachomoa kijiti, nikamwonyesha nilipopima alfajiri kabla ya kuwasha. Unyevu ulikuwa umeivuka alama moja, kidogo. Nikamwambia yanatosha kufika na kubaki.

"Kwa mwenye mashine ya kusaga kuna dizeli," alisema. "Ni hapo tu. Tuongeze."

Nikamwambia tutapoteza muda. Nikamwambia nusu ya safari nimekwisha kuimaliza, na alama moja hunileta na kunirudisha. Nilisema kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Aliangalia nyumba, ambako mkamwana wake alikuwa anaguna kwa maumivu, akaniangalia mimi, akaagiza mgonjwa atolewe. Ndivyo ilivyo, mwanangu. Siku ya shida, mwenye gari huwa na mdomo mkubwa kuliko mwenye shida.

Hapa lazima nikueleze jambo, maana nyie wa mjini huenda hamjalikuta. Kwa wazee wa kwetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke akimwona mkwewe anakuja njiani, huiacha njia akaingia migombani mpaka apite. Hawasemezani. Neno likiwepo hupitia kwa mtu mwingine. Hata jina la mkwewe hulikwepa. Wapo wanaosema ni ukale, na siku hizi wengi wamelegeza. Lakini kwa Mzee Ambakisye na mkamwana wake, hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao, na walikuwa wameilinda miaka mitatu bila kukosea.

Kwa hiyo mama mjamzito alipotolewa ndani, amefunikwa kanga mpaka usoni, mzee aligeuka akatazama migomba. Mke wake, bibi mfupi mwenye nguvu za kushangaza, akampandisha mbele na kukaa naye. Mzee akapanda nyuma kwenye manyunyu. Alikaa ameegemea kibanda cha dereva, mgongo kwenye kioo, uso wake ukitazama tulikotoka, ili asije akamwona kwa bahati mbaya. Nikaondoa gari.

Barabara ile ni ya kupanda. Nilikwenda gia ya kwanza na ya pili, gurudumu la nyuma likizunguka bure kwenye tope, likishika, likizunguka tena. Bibi alikuwa anasali taratibu. Tulipita Kisiba vizuri. Baada ya Kisiba, kwenye mlima wenye chai pande zote mbili, gari likakohoa mara mbili, likatetemeka, likazimika.

Sijasikia kimya kama kile tena. Nilivuta breki, nikashuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikachukua kijiti. Kilitoka kikavu, ncha tu ndiyo yenye unyevu. Nikakirudisha ndani mara ya pili, kana kwamba kingebadili maneno.

Mzee alikuwa ameshuka, mgongo wake bado kwa kibanda. "Ni mafuta?" aliuliza.

Nikaitika kwa kichwa. Ndani ya gari mama yule alipiga ukelele ambao bibi aliuziba kwa kumkumbatia. Nikasubiri mzee anitukane. Hakunitukana.

"Wewe una miguu," alisema. "Rudi Kisiba, kwenye mashine yao ya kusaga. Kimbia."

Nilikimbia, mwanangu. Kuna kukimbia kwa mtu anayechelewa, na kuna kukimbia kwa mtu anayeogopa kurudi na kukuta kilio. Niliteleza nikaanguka, nikaamka. Kwenye mashine ya kusaga kulikuwa na kina mama wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi. Nikaeleza nikihema, nusu ya maneno yakimezwa. Mmoja wao, mama mnene mwenye sweta jekundu, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vya tope.

"Dereva gani huyu anasafiri na mgonjwa bila chakula cha gari?"

Lakini alipokuwa ananisema, tayari alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kumwita mwenzake waende. Mwenye mashine alizima injini yake katikati ya kusaga, unga wa mtu ukiwa bado kinywani mwa mashine, akafungua tangi na kuyamimina mafuta yake kwenye dumu. Hakuna mama hata mmoja aliyelalamika kwamba atakosa unga wa mchana. Nawashukuru mpaka leo, na wengi wao sikuwahi kuwajua majina.

Tulipanda mlima, mimi na dumu kichwani, kina mama wawili nyuma yangu. Ukungu ulipofunguka kidogo nikaona gari, nikaona na kitu kingine, nikapunguza mwendo bila kutaka.

Mzee Ambakisye alikuwa amesimama ameegemea mlango wa gari, mgongo kwenye mlango, uso kwenye chai. Koti lake hakuwa nalo. Lilikuwa limemfunika mama ndani. Kioo kilikuwa kimeshushwa. Mkono wake mmoja alikuwa ameupeleka nyuma, kinyumenyume, kupitia dirishani, na mkamwana wake alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili. Uchungu ulipokuja alikuwa anauminya, na mzee alikuwa anasimama imara, macho mbele, akimsemesha Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Nilisikia anamwita 'mwanangu'. Anamwambia avute pumzi. Anamwambia yupo, haendi popote.

Baadaye bibi alinieleza kwamba mama yule alikuwa ameanza kusema anakufa, anaaga, na yeye peke yake hakuweza kumtuliza. Ndipo mzee akatoa mkono.

Yule mama wa sweta jekundu aliona nilichoona. Akamgusa mwenzake, wote wawili wakageuza nyuso kando, wakapita upande wa pili wa gari kana kwamba hapakuwa na mwanamume pale.

Nilimimina dizeli. Lakini gari la dizeli likikauka haliwaki kwa kumwagiwa tu. Hewa imeingia kwenye mirija, lazima uitoe. Nikafungua boneti, nikaanza kubonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, sikujua kama nabonyeza au naota. Nikajaribu kuwasha, ikakataa. Nikabonyeza tena. Nikajaribu, ikakataa. Nilianza kulia, nikadhani hakuna anayeniona.

"Usilie kwenye kazi," mzee alisema kutoka kule mlangoni, bila kugeuka. "Moto wa asubuhi ndivyo ulivyo. Bonyeza."

Mara ya nne injini ikashika, kwanza kwa kukohoa, kisha ikaunguruma. Kina mama wakasukuma, na mzee akasukuma, gari likatoka kwenye tope. Bibi alitoa kichwa dirishani akawaambia kina mama wa Kisiba, "Ndaga fijo," ahsanteni sana, mara tatu au nne, mpaka ukungu ukawaficha.

Tulifika. Wauguzi walimpokea mama, wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Mimi na mzee tukakaa kwenye benchi la nje, tumelowa. Sijui tulikaa muda gani. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu, nikifika mwisho naanza upya. Kisha bibi akatoka akiwa amejishika mdomo, na kwa sekunde moja sikujua ni kilio gani. Ilikuwa furaha. Mtoto wa kike, mzima. Mama naye mzima.

Nikateremka kwenye benchi, nikachutama mbele ya mzee nimuombe radhi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa maneno. Ndipo akanikemea, na maneno yake nimeyashika mpaka leo kwa sababu yalikuwa machache.

"Leo umenifanya nimshike mkono mkamwana wangu mbele ya watu. Hilo lina taratibu zake, tutalimaliza nyumbani, si kazi yako. Kazi yako ni hii. Siku ile nilikuuliza, ukacheka. Asiyejua gari akikuuliza habari za gari, usicheke kwanza. Muulize amejulia wapi. Ungeniuliza, ningekuambia: miaka yangu yote nimekaa mbele ya chuma na moto."

Nikamuuliza hapohapo. Nilichelewa, lakini nilimuuliza. Na mzee yule, aliyelowa mpaka mifupa, akanisimulia. Akaniambia chuma kilicholala kwenye baridi hunyonya joto la mwanzo lote kabla hakijakupa kazi. Akaniambia mafuta ya kulainishia huwa mazito kama asali ya asubuhi, kila kinachozunguka huzunguka kwa shida. Aliniambia walikuwa na mchocheaji mmoja kijana aliyekuwa anawasha moto mapema mno ili aonekane mchapakazi, kuni zinateketea wakati majani ya chai hayajafika, na alipoonywa alisema analiandaa boila. Hapo mzee alinitazama kwa jicho la pembeni, nami nikajua habari za chai na maandazi zilikuwa zimefika Masukulu siku nyingi.

Siku ya mama kuruhusiwa, ndugu zao wa mjini walikuwa na gari zuri kuliko letu, wakajitolea kumrudisha. Mzee alikataa. Alimtuma mtu kwa mjomba kusema anamtaka dereva yuleyule. Mjomba aliniangalia kwa mshangao. Unaelewa, mwanangu? Kusamehewa kwa mdomo ni kitu kimoja. Mtu kukukabidhi tena mjukuu wake, kwenye barabara ileile, ni kitu kingine. Nilijaza tangi mpaka likamwagikia viatu vyangu.

Mzee Ambakisye alifariki nikiwa Sumbawanga, sikuwahi kumzika. Lakini sijawasha gari asubuhi ya baridi, mahali popote nilipozunguka, bila kumshukuru.

Basi nasaha zangu ni hizi, na wewe kijana wa Tukuyu unayetaka kuuza pikapu, uzisikie. Gari lako halijaharibika, na mlinzi wako huenda hajaiba. Kabla hujamshuku mtu, shuku baridi. Asubuhi liwashe, lipe dakika chache, kisha ondoka polepole. Litapata joto likiwa kazini, na hizo dakika za kuunguruma bure hazikufikishi hata mlango wa jirani. Pima upepo wa matairi, kwa maana hewa nayo hujikunyata kwa baridi kama sisi, na tairi laini hukokota gari. Badilisha filta kabla ya msimu. Kipimo ulichokipata wakati wa jua usikipeleke kwenye ukungu. Pima upya, na ukibeba mgonjwa, ongeza mafuta hata kama una hakika. Hasa kama una hakika. Haya yote fundi yeyote angekuambia. La kwangu ni lile la mzee: maarifa hayakai kwenye nyumba moja. Mchochea kuni anaweza kujua kinacholisumbua gari lako, na msusi wa mikeka anaweza kujua kinachoisumbua ndoa yako. Usimpime mtu kwa kazi aliyoacha kuifanya. Muulize amejulia wapi, kisha kaa umsikilize.

Mungu akulinde kwenye milima na kwenye tope. Akupe safari zenye kufika, na mikono ya kukusukuma siku utakapokwama. Akuletee wazee wa kukuuliza maswali yanayokuudhi, nawe akupe moyo wa kuwajibu ungali na muda.